Matoleo mawili ya maktaba moja kwenye seva moja: njia zilizopo na namna ya kuchagua

Seva nyingi za ofisi ndogo hapa Uganda, iwe ni za SACCO, za shule, za zahanati au za maduka ya jumla, hubeba vitu viwili visivyolingana umri. Kimoja ni mfumo endeshi, ambao ni lazima uwe mpya ili uendelee kupokea viraka vya usalama. Kingine ni programu ya zamani ambayo ofisi haiwezi kufungua mlango asubuhi bila yake, na ambayo aliyeitengeneza ama hapatikani tena kwa simu, ama anadai fedha zisizokuwemo kwenye bajeti ya mwaka. Viwili hivi hugongana mara nyingi mahali pamoja: kwenye maktaba za pamoja, yaani yale mafaili ya .so ambayo programu nyingi huyatumia kwa ushirika badala ya kila moja kubeba nakala yake.

Tuchukue mfano mmoja na tubaki nao. SACCO ya Mbale imenunua kompyuta mpya, ikawekewa mfumo endeshi wa Debian 12, na programu yake ya kutoa stakabadhi, ambayo ilitengenezwa wakati wa Debian 11, ikahamishwa kama ilivyo. Inapoanzishwa, inajibu hivi:

./stakabadhi: error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Sababu yake inajulikana. Debian 11 iliyotoka Agosti 2021 ilikuja na OpenSSL 1.1.1 (OpenSSL ni maktaba ya usimbaji, na libssl ni sehemu yake), na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 imekuja na OpenSSL 3.0. Mradi wa OpenSSL wenyewe uliacha kulihudumia toleo la 1.1.1 tarehe 11 Septemba 2023. Programu inataka toleo la zamani, mfumo una toleo jipya, na msimamizi anatakiwa ayaweke yote mawili kwenye mashine moja bila moja kuliharibu jingine. Njia za kufanya hivyo zipo kadhaa, na tofauti kati yake si ya ladha. Kila njia inamkabidhi mtu fulani jukumu la kuitunza ile nakala ya pili, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kipimo kikubwa kuliko urahisi wa kuisimika.

Kwanza litazamwe jina

Kabla ya kuchagua njia yoyote, ni lazima ifahamike jinsi maktaba inavyoitwa, kwa sababu jina ndilo linaloamua ni njia zipi ziko wazi. Kwenye Linux, maktaba moja huwa na majina matatu. Tuitazame ile ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye Debian 12: libpq.so.5.15 ndilo faili lenyewe, libpq.so.5 ni jina la ndani, ambalo limeandikwa ndani ya faili hilo na pia kuwekwa kwenye diski kama kiungo kinachoelekeza kwake, na libpq.so bila namba hutumika tu wakati wa kukompaili, yaani kuugeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa. Programu inapokompailiwa, huandika ndani yake lile jina la katikati. Baadaye inapoanzishwa, kipakiaji cha mfumo, ambacho kwenye mashine za kawaida ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, husoma majina hayo na kuyatafuta.

Majina ambayo programu inayahitaji huonekana kwa amri ya readelf -d stakabadhi, kwenye mistari iliyoandikwa NEEDED. Amri ya ldd huonyesha zaidi, kwa sababu hutaja pia faili lililopatikana kwa kila jina, lakini isitumiwe kwa programu ambayo chanzo chake hakiaminiki, kwani katika hali fulani ldd inaweza kuiendesha programu yenyewe.

Kanuni iliyokubaliwa ni kwamba mwandishi wa maktaba akivunja makubaliano ya awali na programu zinazoitegemea, ni lazima aibadilishe ile namba ya jina la ndani. OpenSSL walifanya hivyo, na ndiyo maana libssl.so.1.1 na libssl.so.3 ni mafaili mawili tofauti yanayoweza kukaa kwenye saraka moja bila kugombana. Waandishi wa curl, maktaba ya kuhamisha data mtandaoni, kwa upande mwingine, wameshikilia libcurl.so.4 tangu mwaka 2006. Hilo ni jambo la kupongezwa kwa upande wa uaminifu kwa watumiaji, lakini kwa mtu anayetaka matoleo mawili ya curl kwenye mfumo mmoja lina maana kwamba saraka moja haiwezi kuyabeba yote mawili, maana jina ni moja.

Swali la kwanza kwa msimamizi, basi, ni hili: je, matoleo anayoyataka yanatofautiana kwa jina la ndani, au kwa namba ya nyuma tu? Jibu likiwa ni la kwanza, kazi ni nyepesi. Likiwa ni la pili, njia ya kwanza hapa chini imeshafungwa.

Ipo pia njia ambayo siiweki kwenye ulinganisho, ingawa nimeiona ikipendekezwa na watu wenye nia njema: kutengeneza kiungo kiitwacho libssl.so.1.1 na kukielekeza kwenye libssl.so.3. Kwa OpenSSL jaribio hilo hukwama papo hapo, kwa sababu kila kazi (function) iliyomo ndani ya maktaba imebandikwa lebo ya toleo, na kipakiaji husema kwamba OPENSSL_1_1_0 haikupatikana. Hapo msimamizi amepata bahati. Kwa maktaba zisizobandika lebo, programu itaanza, itafanya kazi siku kadhaa, kisha itasoma kumbukumbu kwa mpangilio usio sahihi na kuandika takwimu zisizo sahihi, na kwenye vitabu vya akiba za wanachama hilo ni baya kuliko programu kutoanza kabisa.

Njia ya kwanza: vifurushi viwili vya mfumo wenyewe

Debian na jamaa zake zimejengwa kwa kulifikiria jambo hili. Jina la kifurushi cha maktaba hubeba namba ya jina la ndani, kwa hiyo libssl1.1 na libssl3 ni vifurushi viwili tofauti na vyote viwili vinaweza kusimikwa. Red Hat hufanya jambo lile lile kwa namna nyingine, kwa kutoa vifurushi vya ulinganifu kama vile compat-openssl11 kwenye toleo lao la 9. Kwa msomaji mwenye Red Hat 9 au jamaa zake, ulinganisho unaweza kuishia hapo: kifurushi kipo, kinasimikwa kwa amri moja.

Kwenye Debian 12 libssl1.1 haipo ghalani, yaani mahali ambapo mfumo huchukua vifurushi vyake, lakini ipo kwenye ghala la Debian 11, na timu ya huduma ya muda mrefu ya Debian inaendelea kuitolea viraka hadi tarehe 31 Agosti 2026. Jambo la hatari ni kuliongeza ghala la zamani kisha kuliacha wazi, kwa sababu siku moja apt, programu ya Debian ya kusimika vifurushi, itachukua humo kitu ambacho hakikukusudiwa. Ghala hilo lifungwe kwa kila kifurushi isipokuwa kimoja. Kwanza mstari wa ghala:

deb http://security.debian.org/debian-security bullseye-security main

Kisha, kwenye faili la /etc/apt/preferences.d/libssl:

Package: *
Pin: release n=bullseye-security
Pin-Priority: -1

Package: libssl1.1
Pin: release n=bullseye-security
Pin-Priority: 500

Namba hasi inakataza kila kitu kutoka kwenye ghala hilo, na sehemu ya pili inaifungulia mlango libssl1.1 peke yake. Baada ya apt update na apt install libssl1.1, programu ya stakabadhi inaanza, na kuanzia hapo kiraka chochote kinachotolewa kitafika pamoja na masasisho mengine ya kila wiki. Kifurushi chenyewe ni kama megabaiti moja na ushee, kiasi ambacho hata ofisi inayonunua bando la siku haitakihisi.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba nakala ya pili inajulikana na mfumo. Msimamizi akihama, akiugua au akipata kazi Kampala, anayemrithi ataiona kwenye orodha ya vifurushi na apt itaendelea kuisasisha bila kuambiwa. Kwa ofisi zetu, ambako fundi mmoja huhudumia Mbale, Tororo na Soroti kwa zamu, naliona jambo hilo kuwa na thamani kuliko ustadi wowote wa kiufundi.

Tahadhari moja inawahusu waliopandisha mfumo kutoka Debian 11 kwenda 12 bila kusimika upya. Kwao libssl1.1 inaweza kuwa bado ipo, imesalia kama yatima: programu inafanya kazi, hakuna anayelalamika, na hakuna kiraka kinachokuja. Amri ya apt list '~o' inaonyesha vifurushi vya namna hiyo. Na amri ya apt autoremove inaweza kumfagia yatima huyo siku yoyote, na asubuhi yake ofisi ikashindwa kutoa stakabadhi.

Mipaka ya njia hii ni miwili. Wa kwanza ni ule wa majina niliokwisha kuutaja. Kwenye Ubuntu 18.04 watu wengi walikumbana nao pale kifurushi cha libcurl3 na kile cha libcurl4 vilipokataa kukaa pamoja, kwa sababu licha ya majina yao tofauti vyote viwili vilibeba faili la libcurl.so.4. Wa pili ni kwamba ujirani huu ni wa kuendeshea programu tu. Vifurushi vya kukompailia, vile vinavyoishia na -dev, kwa kawaida haviwezi kuwa viwili, kwa hiyo anayetaka kukompaili dhidi ya toleo la zamani atafute njia nyingine.

Njia ya pili: saraka ya faragha

Hapa maktaba ya zamani huwekwa kando, tuseme /opt/stakabadhi/lib, na programu moja tu huelekezwa huko. Njia hii inashinda ya kwanza katika jambo moja muhimu: haijali majina. Libcurl.so.4 ya mwaka 2018 inaweza kukaa ndani ya saraka hiyo huku ya mfumo ikibaki mahali pake, na hakuna programu nyingine itakayojua. Lakini namna ya kuielekeza programu huko ni tatu, na tofauti zake zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo seva nyingi zinapoharibikia.

Namna ya kwanza ni kigeu cha mazingira cha LD_LIBRARY_PATH. Ni rahisi, hakihitaji kugusa programu, na kinafaa kabisa kwa majaribio. Kasoro yake ni kwamba kinarithiwa. Programu ya stakabadhi ikiita amri ya lp ili kuchapisha, lp nayo itatafuta maktaba zake kwanza ndani ya /opt/stakabadhi/lib. Ikiwa humo mna libssl.so.1.1 na libcrypto.so.1.1 tu, hakuna madhara, kwa kuwa lp haitafuti majina hayo. Lakini watengenezaji wengi huweka humo pia libstdc++.so.6 yao, na hapo kila programu ya C++ iitwayo kutoka ndani itapewa maktaba isiyo yake. Kigeu hiki kikilazimika kutumika, kiwekwe ndani ya skripti fupi inayoianzisha programu hiyo peke yake, kisiwekwe kamwe kwenye /etc/environment wala kwenye wasifu wa mtumiaji. Tena kipakiaji hukipuuza kwa programu zinazopewa mamlaka ya juu kuliko ya aliyeziita, kwa hiyo si njia ya kutegemewa kwa kila kitu.

Namna ya pili ni kuiongeza saraka kwenye /etc/ld.so.conf.d na kuendesha ldconfig. Hii naikataa waziwazi, kwa sababu inaifanya saraka iliyokusudiwa kuwa ya faragha iwe ya mfumo mzima. Kosa linalofanana nalo ni kukompaili curl mpya na kuisimika kwenye /usr/local. Kwenye Debian, saraka ya /usr/local/lib hutangulia ile ya mfumo katika orodha ya kutafutia, kwa hiyo ldconfig ikishapita, kila programu iliyokuwa ikitumia libcurl.so.4 ya Debian inahamia kwenye ile mpya bila kuulizwa. Dalili yake ni onyo la «no version information available», ambalo hutokea kwa sababu Debian hubandika lebo zake kwenye curl na iliyokompailiwa kwa mkono haina. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito, maana linasema kwamba programu inapewa maktaba ambayo haikutengenezewa.

Namna ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza, ni kuiandika njia ya kutafutia ndani ya programu yenyewe. Ikiwa msimbo chanzo upo, hufanyika wakati wa kukompaili. Ikiwa haupo, kuna chombo kiitwacho patchelf, kilichotokana na mradi wa NixOS, kinachoweza kuiandika kwenye programu iliyokwisha kukompailiwa:

patchelf --set-rpath '$ORIGIN/lib' /opt/stakabadhi/stakabadhi

Neno $ORIGIN lina maana ya saraka ambamo programu imo, kwa hiyo saraka nzima inaweza kuhamishwa kwenda diski nyingine bila kuvunja kitu. Watoto wa programu hawarithi chochote, na mfumo haubadiliki. Nakala ya awali ya programu ihifadhiwe kabla ya kuiandika, kwa sababu zipo programu zinazojikagua na kukataa kuanza zikiona zimeguswa.

Kuna mtego mmoja unaowachanganya hata wazoefu. Njia iliyoandikwa kwa namna hii, ambayo kwenye readelf huonekana kama RUNPATH, hutumika kwa maktaba ambazo programu yenyewe imezitaja, si kwa maktaba za maktaba. Libssl.so.1.1 nayo inaihitaji libcrypto.so.1.1. Ikiwa programu imeitaja libssl peke yake, kipakiaji kitaipata libssl ndani ya saraka ya faragha, kisha kitasema kwamba libcrypto haipo, ilhali imo kando yake kabisa. Dawa ni kuiandikia libssl.so.1.1 nayo, kwa patchelf hiyo hiyo, njia ya '$ORIGIN'. Wako wanaotumia --force-rpath ili kurudi kwenye aina ya zamani iitwayo RPATH, ambayo huenea hadi kwa maktaba za ndani, lakini hiyo hutafutwa kabla ya LD_LIBRARY_PATH na kumnyima msimamizi nafasi ya kuishinda wakati wa uchunguzi. Kuiandikia kila maktaba ni kazi ya dakika chache zaidi, na matokeo yake ni safi.

Pia izingatiwe kwamba matoleo mawili yanaweza kukutana ndani ya programu moja. Stakabadhi inatumia libssl.so.1.1, lakini inaongea na hifadhidata kupitia libpq.so.5 ya mfumo, na kwenye Debian 12 libpq hiyo inaivuta libssl.so.3. Matokeo ya ldd yataonyesha zote mbili. Kwa OpenSSL hali hii huvumilika, kwa sababu zile lebo za OPENSSL_1_1_0 na OPENSSL_3.0.0 humwezesha kipakiaji kumpa kila mmoja chake. Kwa maktaba zisizo na lebo, kazi yenye jina moja iliyopakiwa kwanza ndiyo itakayotumiwa na pande zote mbili, na hapo hakuna saraka ya faragha itakayosaidia. Hali ya namna hiyo inadai njia ya tatu.

Kwa upande wa utunzaji, saraka ya faragha ni dhaifu kuliko njia ya kwanza. Mfumo haujui kwamba ipo. Hakuna apt itakayoisasisha wala kuitaja. Jukumu lote liko kwa mtu aliyeiweka, na akiondoka bila kuandika, limepotea.

Njia ya tatu: kontena

Kontena halibebi maktaba moja, bali hubeba mazingira mazima ya Debian 11 kuanzia maktaba ya C, ambayo karibu kila programu huitegemea, kwenda juu, na kushirikiana na mfumo kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) tu. Docker ilipoanza mwaka 2013 ilifanya jambo hili liwe la kila mtu, na leo podman inalifanya vilevile. Taswira (kiolezo cha kuanzishia kontena) ya debian:bullseye-slim hupakuliwa kwa takriban megabaiti 30, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani kwamba makontena ni lazima yawe mazito.

Ikilinganishwa na saraka ya faragha, kontena linashinda pale ambapo programu inataka maktaba nyingi za zamani, pale ambapo matoleo mawili yangegongana ndani ya programu moja, na pale ambapo tatizo ni maktaba ya C yenyewe. Linashindwa pale ambapo programu imezoea kugusa mashine moja kwa moja. Stakabadhi inachapisha kwenye printa ya USB, kwa hiyo kifaa cha /dev/usb/lp0 ni lazima kipitishwe kwa --device. Kontena pia huhesabu saa kwa UTC lisipoambiwa vingine, na sisi tuko saa tatu mbele: mwanachama aliyeweka fedha saa nne asubuhi atapewa stakabadhi inayosema saa moja, na wakaguzi wa hesabu watauliza. Kigeu cha TZ=Africa/Kampala hurekebisha hilo. Na kwa kuwa umeme hukatika, --restart unless-stopped isisahaulike, la sivyo seva itawaka na programu haitawaka.

Katika utunzaji, kontena liko katikati. Masasisho ya apt ya seva hayaingii ndani yake hata kidogo, na watu wengi hulisahau hilo: seva inang'aa kwa viraka vipya huku kontena likiendesha libssl ya miaka mitatu iliyopita. Taswira ni lazima ijengwe upya mara kwa mara, kwa docker build --pull --no-cache, na kontena lianzishwe upya. Angalau faili la kuijengea linabaki kama kumbukumbu iliyoandikwa ya kila kilichowekwa ndani, na saraka ya faragha haimwachii mrithi kumbukumbu ya namna hiyo.

Njia mbili nyingine, kwa ufupi

Nix, iliyotokana na kazi ya Eelco Dolstra katika Chuo Kikuu cha Utrecht, ndiyo inayolitatua tatizo hili kwa ukamilifu zaidi. Kila kifurushi hukaa kwenye saraka yake chini ya /nix/store, ambayo jina lake hubeba alama ya kila kilichotumika kukitengeneza, kwa hiyo matoleo kumi ya maktaba moja yanaweza kukaa pamoja bila kuonana. Naiheshimu sana. Lakini inavuta maktaba zake yenyewe hadi ile ya C, upakuaji wa mwanzo hufikia mamia ya megabaiti kwa wepesi, na inadai lugha yake ya usanidi ambayo fundi atakayekurithi huenda hajawahi kuiona. Kwa timu ya watengenezaji programu yenye intaneti ya kudumu, ichukuliwe. Kwa SACCO ya Mbale, hapana.

Kuiunganisha maktaba ndani ya programu wakati wa kukompaili, ili isitegemee faili lolote la nje, kunawezekana tu kwa mwenye msimbo chanzo. Na mwenye msimbo chanzo kwa kawaida ana jambo bora zaidi la kufanya, nalo ni kuikompaili programu upya dhidi ya OpenSSL 3.0. Toleo hilo limehifadhi sehemu kubwa ya kazi za 1.1.1, nyingi zikiwa na onyo la kupitwa na wakati lakini zikifanya kazi, kwa hiyo programu nyingi hupita bila kubadilishwa sana. Mtengenezaji anayedai kwamba ni lazima programu iandikwe upya yote kwa sababu ya OpenSSL aombwe aeleze kwa nini.

Maktaba ya C haimo katika haya

Ujumbe ukisema kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana, saraka ya faragha iachwe mara moja. Maktaba ya C na kipakiaji chake ni lazima vilingane, na njia ya kipakiaji imeandikwa ndani ya kila programu. Anayeweka libc.so.6 nyingine kwenye LD_LIBRARY_PATH ataona hata ls na cp zikianguka, na kama amefanya hivyo akiwa mbali, kupitia mtandao, huenda asiweze kurudi ndani. Glibc, ambayo ndiyo maktaba ya C yenyewe, imeahidi upande mmoja tu: programu ya zamani itaendeshwa na glibc mpya, si kinyume chake. Debian 11 ina 2.31 na Debian 12 ina 2.36. Kwa hiyo anayetengeneza programu za kusambazwa akompaili kwenye mfumo wa zamani kabisa anaokusudia kuuhudumia, na anayepokea programu mpya kwenye mfumo wa zamani atumie kontena au apandishe mfumo.

Nani ataleta kiraka?

Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed, matoleo ya OpenSSL kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f yaliweza kumwagia mgeni yaliyomo kwenye kumbukumbu ya seva, nywila na funguo za siri zikiwemo. Aliyekuwa akitumia maktaba ya mfumo alisasisha kifurushi kimoja, akaanzisha upya huduma zake, akabadilisha funguo. Aliyekuwa na nakala saba katika saraka saba za /opt alilazimika kwanza kukumbuka kwamba zipo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa, na nakala iliyosahaulika ya maktaba ya usimbaji ni pengo ambalo hakuna mwanachama wa SACCO anayeweza kuliona wala kulikubali.

Hata kwenye njia ya kwanza, kiraka kufika kwenye diski hakutoshi. Programu iliyokuwa imeshaanza huendelea kutumia nakala ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu hadi ianzishwe upya. Kifurushi cha needrestart huonyesha huduma zilizobaki nyuma, na ni cha kusimikwa kwenye kila seva.

Nikiulizwa na msimamizi wa SACCO ile, nitamwambia achukue njia ya kwanza leo, kwa kufunga ghala kama nilivyoonyesha, kwa sababu majina yanatofautiana na viraka bado vinatolewa. Wakati huohuo amwandikie mtengenezaji barua ya kudai programu iliyokompailiwa kwa OpenSSL 3.0, na mkataba ujao useme kwamba msimbo chanzo unakabidhiwa kwa SACCO endapo huduma itakoma. Shule inayotaka libcurl mbili zenye jina moja ichukue saraka ya faragha kwa patchelf, na iandike kwenye daftari la seva ni faili gani limewekwa, limetoka wapi na ni nani atakayelifuatilia. Zahanati yenye programu inayovuta maktaba kumi za zamani iende moja kwa moja kwenye kontena. Na kama huduma ya Debian 11 imekwisha kabla programu mpya haijafika, stakabadhi ihamishiwe kwenye kontena lisilofikika kutoka intaneti, liruhusiwe kuongea na hifadhidata na printa tu, na tarehe ya mwisho ya kuliondoa iwekwe kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi.